Pombe Yenye Wenyewe

Kwa miezi minne mwaka jana nilikula kwa kuandika kuhusu bia ambazo sikuwahi kuzionja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja mmoja wa ng'ambo alikuwa na duka la mtandaoni la vinywaji, akataka maelezo ya maneno mia tatu kwa kila chupa. Mimi nilikuwa jikoni kwa Mama, Wote, Makueni, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu hapo tu ndipo mtandao unashika. Niliandika eti Rochefort 10 ina harufu ya tini na chokoleti. Niliandika eti Westmalle Tripel inaacha uchungu mwembamba nyuma ya ulimi. Tini sijawahi kula mpaka leo. Nilisoma maneno ya watu waliozionja, nikayakoroga, nikayapika upya. Doo ikaingia kwa M-Pesa, nikanunua bando na unga.

Mama aliniuliza mara moja naandika nini. Nikamwambia, "Maelezo ya bidhaa." Sikumwambia bidhaa gani. Katika nyumba yetu neno pombe halisemwi juu juu tu, na mtaelewa kwa nini.

Kilichonishika katika kazi ile si ladha. Ni watu. Bia hizo hupikwa na wamonaki wa Kikatoliki wanaoitwa Watrapisti, wanaoamka kabla ya alfajiri kusali, na kusali tena na tena mpaka usiku. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6, na ina sura nzima kuhusu kipimo cha kinywaji. Haikatazi. Inapima. Wamonaki wengi wa Ubelgiji wana bia nyepesi waliyojipikia wenyewe kwa ajili ya meza yao, na ile kali ya asilimia tisa au kumi ni ya kuuza ili watengeneze paa, wale, na wasaidie maskini.

Ili chupa ipewe nembo yao ya pembe sita, iliyoanza 1997, lazima bia ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa wamonaki wenyewe, na faida isiwe ya kumtajirisha mtu. Mwaka 2021 bia ya Achel ilipoteza nembo hiyo. Haikuwa imechacha wala kubadilika. Ni kwamba hakukuwa tena na wamonaki waliokuwa wakiishi pale. Niliposoma hilo niliacha kuandika kwa muda, nikaangalia ukuta. Bia ile ile, mtambo ule ule. Ila haina wenyewe.

Nikamkumbuka Umau.

Umau ni babu yangu, mzaa baba. Anaishi upande wa Ikutha, Kitui, na hupika uki. Wengine huita kaluvu. Ni pombe ya asali ya Wakamba, na nikiwa mtoto niliiona mara nyingi bila kuionja hata tone, kwanza kwa sababu nilikuwa mtoto, pili kwa sababu ni msichana. Uki ilikuwa ya wazee. Kijana hata akiwa na ndevu alisubiri. Mwanamke alipita karibu na kibuyu akiwa amebeba kitu kingine.

Basi nikapata wazo la biashara, lile linaloingia kichwani saa nane usiku ukiwa huna kodi. Wabelgiji wameifanya bia yao kuwa urithi wa dunia. UNESCO iliandikisha utamaduni wao wa bia mwaka 2016. Sisi tuna Umau. Nikanunua daftari, nikachora lebo: mbuyu, mzinga wa gogo umening'inia, na chini yake "Kaluvu ya Ikutha". Nikaona chupa zangu zikipangwa katika baa za Kilimani, watu wenye miwani mikubwa wakinusa na kufumba macho.

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Umau alidhani mimi ni mhitimu, au karibu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikisomea takwimu. Nikiulizwa nasema ni karo, na ni kweli karo ilichelewa, mkopo ukachelewa, nikakosa mitihani ya muhula mzima. Lakini pia ni kweli kwamba karo ilipopatikana sikurudi. Nilikuwa nimechoka, sikuipenda takwimu, na nilikuwa nimeanza kupata visenti vya kuandika. Karo iliyopatikana ilitoka kwa Umau. Aliuza ng'ombe wanne katika miaka hiyo, mmoja mmoja. Ile pesa ya ng'ombe wa nne niliilipia keja Nairobi. Miaka miwili nilimwambia kwa simu, "Bado kidogo, Umau."

Kabla ya kwenda kumwona nilipitia Nairobi kuchukua vitu vyangu vya mwisho, nikaingia duka moja la mvinyo nikanunua chupa moja ya Chimay, ile ya lebo ya buluu, asilimia tisa. Shilingi mia nane na hamsini. Mhudumu aliniuliza kama ni zawadi. Nikasema ndiyo.

Ukitoka Wote unashika matatu hadi Makindu, unafuata barabara ya Mombasa mpaka Kibwezi, kisha unaingia ile lami inayoelekea Kitui. Ukivuka mto Athi umeacha Makueni. Joto linabadilika, mibuyu inaongezeka, na kwenye migunga unaanza kuona mizinga ya magogo. Boda ilinishusha saa kumi jioni, chupa nimeifunga ndani ya leso katikati ya begi kama mtoto.

"Mke wangu amefika," Umau alisema. Hunitania hivyo tangu nizaliwe kwa sababu nina jina la nyanya yangu. Susu akajibu kutoka jikoni kwamba yeye hataki mke mwenza asiyejua kuchota maji.

Baada ya chakula nikatoa chupa. Tulizungumza Kikamba, ninaandika hapa kwa Kiswahili.

"Ni ya nini?"

"Ni pombe ya mapadre, Umau. Wanaishi ndani ya ukuta, wanasali usiku na mchana, na wanapika pombe."

Susu, ambaye ni mama wa kanisa na kwa miaka hamsini ameishi na mpika uki bila kugusa kibuyu chake, alitoa kichwa mlangoni. "Kanisa gani hilo?"

Nikawaambia kwamba hata Kenya walikuwepo. Mwaka 1956 Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, katika monasteri inayopika bia ya La Trappe, walianzisha monasteri Lumbwa, kule Kipkelion. Baada ya vurugu za uchaguzi, mwaka 2008, walihamia Uganda. Umau alitikisa kichwa. "Kwa hiyo walikuwa majirani na hatukujua."

Akamwaga kidogo kwanza chini, bila kusema neno. Kisha akaweka kikombe cha bati mbele yake, akaiacha povu itulie. Mimi ndiye niliyeandika maneno elfu kadhaa kuhusu jinsi ya kuonja, na sikuwahi kufikiria kusubiri. Akanusa. Akanywa, akashikilia mdomoni.

"Hii imekaa," akasema. "Haikuharakishwa." Akanywa tena. "Wametia sukari. Lakini si kwa sababu ya utamu."

Nilitaka kucheka. Ni kweli. Wapishi wa Ubelgiji hutia sukari maalum kwenye bia zao kali ili nguvu ipande bila bia kuwa nzito kama uji. Umau hufanya hivyo hivyo kwa sukari nguru mwaka ambao ukame umefukuza nyuki na asali haitoshi.

"Na hamira bado imo," akaongeza, akainua chupa kwenye taa. Chini kulikuwa na mashapo. Hiyo pia ni kweli. Chimay huendelea kuchachuka ndani ya chupa.

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikatoa daftari. Nikamwonyesha mbuyu, mzinga, lebo. Nikamwambia bei. Umau alitazama lebo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Atakayekunywa huko Nairobi," akauliza, "nani atajua amefika nyumbani?"

Sikujibu. Susu aliacha kusugua sufuria.

Hapa lazima niseme kuhusu Baba. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kitui zikiwemo. Mlisikia kwenye habari. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekunywa pamoja na wenzake wawili wa kazi ya mjengo, kutoka chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko na lebo. Kwanza alisema haoni vizuri. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho, na mtu hudhani ni ulevi wa kawaida mpaka muda unampita. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mama hajawahi kusema neno pombe tangu siku hiyo. Husema "ile kitu".

Polisi walikuja wakati ule, na msako ulipoanza kila mtu mwenye kibuyu aliingia kwenye mkumbo mmoja. Umau alizika vyake shambani. Haikuwa mara ya kwanza. Anakumbuka enzi za kupanga foleni kwa chifu kuomba karatasi ya ruhusa ya kupika uki ya harusi. Anakumbuka marufuku ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Sheria ya 1980 ya kuharamisha chang'aa iliondolewa na ile ya 2010, lakini kijijini mtu wa kawaida hajui aya za sheria, anajua gari la polisi.

Kwa miaka mingi nilikuwa na hasira rahisi kuhusu jambo hili: kwamba pombe ya mzungu ni urithi, yetu ni kesi. Hasira hiyo bado ninayo, na nadhani iko sawa. Lakini jioni ile niliona haitoshi. Baba hakuuawa na uki. Aliuawa na kinywaji chenye lebo safi ambacho hakikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyejua nani alikichanganya, na aliyekichanganya hakujua jina la Baba. Mimi nilikuwa nimekuja na lebo nzuri zaidi.

Nikamwambia Umau kuhusu Westvleteren. Hiyo ni bia ya wamonaki wa Mtakatifu Sixtus, ambayo mwaka 2005 mtandao wa wapenzi wa bia uliitaja kuwa bora duniani. Watu walifurika. Kibiashara, hapo ndipo unapojenga kiwanda cha pili. Wamonaki hawakuongeza. Wanapika kiasi cha kuwatosha kuishi, wanauza kwa kipimo, mnunuzi aweke oda kwanza na aahidi hatauza tena. Kwa miaka mingi chupa zao hazikuwa hata na lebo, ulisoma kifuniko.

"Hao wanajua," Umau alisema.

Kisha akauliza lile swali. Aliuliza kwa furaha, na ndiyo maana lilikata. "Sasa hiyo sherehe yako ya kuhitimu ni lini? Asali nimeiweka. Iko ile ya mwaka juzi, ya maua ya mgunga. Sijaigusa."

Uki haipikwi kwa sababu mtu ana kiu. Inapikwa kwa sababu kuna jambo: ntheo, harusi, mvua iliyokawia, mzee aliyekufa. Hata kwenye ithembo, mahali pa kuabudia pa zamani, ilimwagwa kwa sababu kulikuwa na neno la kuambiwa waliotangulia. Umau alikuwa ameweka asali miaka miwili akisubiri jambo ambalo mimi nilijua halipo.

Nikamwambia. Sikusema vizuri. Nilianza na mkopo uliochelewa, nikaona nataka kujificha nyuma yake, nikarudi nikasema sikurudi kwa sababu sikutaka. Nikasema na ng'ombe wa nne alikoenda.

Umau hakufoka. Ningependa angefoka. Alifunga chupa kwa kipande cha gunzi, akaiweka juu ya kabati, akaenda kulala. Susu alinipa blanketi, akasema, "Kesho ni siku pia," na akanitazama kama mtu aliyejua tangu zamani.

Asubuhi aliniamsha jua halijachomoza. Nilidhani ananifukuza. Alikuwa na gunia. Akalimwaga juu ya mkeka: miatine.

Kama hujaiona, muatine ni tunda la mwegea, lile refu kama soseji kubwa linaloning'inia kwa kamba yake. Halilikwi. Linapasuliwa, linakaushwa, kisha linaingizwa kwenye uki mara ya kwanza na ya pili, na uki hizo za mwanzo hazinyweki kwa uchungu. Baada ya hapo tunda linakuwa jepesi kama sifongo, na ndani ya nyuzi zake linabeba hamira. Linaanikwa, linawekwa. Siku ya kupika unachanganya asali na maji ya uvuguvugu ndani ya kibuyu, unatia miatine, unaweka kibuyu karibu na moto usiwe mkali. Ndani ya siku chache inaongea yenyewe. Ukiweka sikio utasikia. Ikimaliza unatoa miatine, unaianika tena. Tunda moja linaweza kutumika miaka.

"Hii," Umau alisema, akiinua moja nyeusi, "alinipa rafiki ya baba yangu kutoka ng'ambo ya Athi, Kibwezi. Yangu yalikuwa yameliwa na wadudu. Hii ndiyo iliyofundisha hizi zingine."

Nilikuwa nimeandika habari hiyo hiyo. Westvleteren hawafugi hamira yao. Huichukua Westmalle, monasteri nyingine, kwa ndugu zao. Niliandika kama jambo la kustaajabisha, maneno mia tatu, nikalipwa. Nyumbani kwetu ilikuwa ndani ya gunia la mbolea.

"Zipangueze vumbi, uzianike," akasema. "Na uki ya kuhitimu haitapikwa."

"Sawa, Umau."

"Asali haiozi. Itangoja jambo lingine."

Nikafanya kazi hiyo siku mbili. Siku ya pili nilimwambia nitamrudishia ng'ombe wake. Alisema hakunidai. Nikasema najua. Hakusema tena kitu, na nikachukulia kwamba tumekubaliana.

Jambo lingine lilikuja Desemba. Binamu yangu alipata mchumba upande wa Mutomo, na tulitakiwa kupeleka ntheo: mbuzi na uki. Mama alikuja kutoka Wote kusaidia kupika. Nilijua itamwia vigumu. Alipika chapati akiwa ameupa mgongo upande wa kibuyu, siku nzima.

Alfajiri ya safari Umau alikifungua. Alimimina kidogo ardhini, akataja majina ya watu wake, na safari hii nilisikia jina la Baba. Akaonja. Akampa ndugu yake. Kisha akajaza kikombe nusu, akaniletea mimi mahali nilipokuwa nimekaa na miatine zilizotolewa, bado zinatiririka.

"Wewe ndiye ulizianika," akasema. "Sema kama ziko sawa."

Hakuna aliyepinga. Mzee mmoja alikohoa kwa sauti zaidi ya kikohozi. Nikanywa. Ilikuwa ya uvuguvugu, chachu kuliko nilivyotarajia, na asali ilikuwa imebaki harufu tu, utamu umeisha. Kulikuwa na moshi kidogo. Tini na chokoleti havikuwepo.

"Ziko sawa," nikasema.

Mama aliniona. Hakusema kitu Ikutha, wala Mutomo, wala kwenye matatu ya kurudi. Tulikuwa tumeshavuka Athi, anatazama nje dirishani, alipouliza, "Ng'ombe wa Umau umebakisha wangapi?"

"Watatu."

Akahesabu kitu kwenye vidole vyake. Mteja wangu wa bia alikuwa amemaliza kazi mwezi uliopita, na alijua.

"Basi tafuta mteja mwingine," akasema, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.